Mgeni wa Sufuria

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya hamsini, huko juu Bahati, siku ya kukamua zeituni hakuna aliyethubutu kutaja neno mafuta. Nyanya alisema mafuta yana haya kama bibi harusi: ukiyaita kabla hayajajitokeza, yanazama na hayarudi. Kwa hiyo tulisema "mgeni". Mgeni amefika? Bado.

Mavuno ya kwanza ndiyo ninayosimulia. Baba, kibarua wa shamba la mzungu, alipandikiza vijitawi vya mzeituni wa ng'ambo kwenye mizeituni ya msituni, ile tunayoiita mutamaiyo, akailisha samadi na jivu, dawa ya kunyunyiza akaikataa katakata. Miaka ikapita, majani tu. Bwana mwenye shamba akachoka. "Kama hapana mafuta, kata yote, fanya posti ya fensi!"

Halafu ikazaa. Tukatwanga, tukajaza rojo kwenye gunia, tukalikandamiza kwa jiwe, maji meusi yakachuruzika sufuriani, Nyanya akaongeza maji ya vuguvugu, tukachuchumaa kumngoja mgeni aelee. Weusi tu. Baba hakuweza kuketi. Mara mlango ukazibwa na kofia kubwa ya bwana.

"Wapi mafuta?"

Mama aliruka akafunika sufuria kwa leso, kama anayemziba mtoto masikio. Mimi nikaanza kulia. Nyanya alinyakua chupa ya kujazia kibatari, akamtia bwana mkononi, akainamia sufuria akipaza sauti:

"Ya taa! Bwana anauliza mafuta ya taa! Si wewe, mgeni wangu, si wewe!"

Bwana akabaki ameishika chupa. Baba akakohoa kuficha kicheko. Nyanya akafunua leso polepole: tone la kijani, jingine, yakatafutana, yakaungana, yakatanda sufuria nzima.

"Haya, sasa tajeni!"

"Mafuta!" Tulipiga kelele hadi ng'ombe wakakurupuka. Bwana akachovya kidole, akalamba, na habari ya posti hakuigusa tena.

Nimesoma hadi Fomu Foo, najua mafuta huelea hata ukiyatukana. Lakini sasa nina mtoto, alizaliwa kabla ya wakati, mdogo jamani, na mimi naogopa kila kitu, upepo, kikohozi cha watu, hata usingizi wake. Kila asubuhi nampaka mafuta ya miti ile ile, ambayo tangu Uhuru ni yetu. Jana jirani yangu hapa mtaani Bondeni, Mama Atieno, akachungulia.

"Ala! Kametoa mashavu! Kamenona!"

"Kuku," nikamrukia kabla neno halijamfikia mtoto. "Unasema kuku wangu."

"Kuku gani, na wewe huna kuku?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka, akalia kwa sauti ya kufika stesheni. Nadhani Nyanya naye aliogopa siku ile, tena kutuzidi sote. Ila alijua hofu haibishiwi. Hupewa chupa ishike, nawe ukaendelea na kazi yako.

Leo nimempaka tena, mgongo unang'aa. Amenona. Haya, nimetaja mwenyewe.