Bomba la Kichwani mwa Baba

Baba alikuwa fundi wa mradi wa maji hapa kijijini Buger kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwake dunia nzima ni bomba. Mtoto akikohoa, kuna hewa imeingia. Mahubiri yakirefuka kanisani, mtu hajafunga koki. Mwaka jana alishikwa na kizunguzungu akaanguka zizini, nikampeleka Arusha akapigwa CT scan. Daktari akatuonyesha vidoa vyeupe kwenye picha ya kichwa chake.

"Chokaa hiyo," alisema Baba, kabla daktari hajafungua mdomo.

Ubaya ni kwamba alipatia. Daktari alieleza kuwa ni kalsiamu iliyojijenga kwenye kuta za mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Haikwanguliki. Ni dalili kwamba mishipa imekakamaa, na mtu wa namna hiyo yumo hatarini zaidi kupata kiharusi, damu ikikosa njia. Apunguze chumvi, aache ugoro, ameze dawa ya presha kila siku. Baba aliitikia "sawa daktari" kwa adabu ambayo nyumbani hatujawahi kuiona.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Karatu, akanunua ndimu mfuko mzima. Birika letu huota ukoko mweupe kwa sababu ya chokaa ya maji yetu, na Mama huutoa kwa ndimu. Wiki nzima Baba alikunywa maji ya ndimu huku amekunja uso, kisha anatikisa kichwa ili yafike kwenye mishipa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko kilikatika nilipokuta vidonge vya presha havijaguswa hata kimoja.

"Mwanangu, umesoma lakini hujawahi kushika spana," aliniambia. "Bomba likijaa chokaa, unaongeza presha au unapunguza?"

"Baba, kichwa si bomba."

"Jibu swali."

Hakungoja jibu langu.

"Ukipunguza, watu wa mwisho wa laini hawapati maji. Na mimi mwisho wa laini ni hapa." Akagonga utosi. "Mnataka ubongo ufe kiu?"

Nilikasirika. Niliogopa pia. Jirani yetu alipata kiharusi akiwa shambani, na mpaka leo analishwa kwa kijiko. Baba hakubali hata kushikiwa jembe, sembuse kulishwa.

Mama alikuwa pale pale anachambua maharage. Tangu turudi kutoka Arusha hakuwa amesema neno juu ya jambo hili.

"Mwaka ule ulipofungua koki yote kwenye bomba kuukuu," alimuuliza, "ilikuwaje?"

Baba akatazama mlango. Kijiji kizima kinajua ilikuwaje. Bomba lilipasuka katikati ya shamba la mwinjilisti, na mbuzi wake wawili wakasombwa hadi barabarani wakimlalamikia Mungu.

"Si nilibadilisha?" alijitetea. "Nikaweka jipya."

"Ulilitoa stoo," Mama alisema. "Wewe ukipasuka, nitakutoa stoo gani?"

Alitaka iwe utani, lakini sauti ilimkatika, akainamia maharage yake. Nilijikuta nalia.

Baba akanyoosha mkono. Mama akampa kidonge, akamsimamia mpaka amemeza, halafu akamwamuru atoe ulimi, kama anavyowafanyia mbuzi siku ya dawa ya minyoo.