Unga Mbichi wa Sangwa

Mwaka wa tisini na mbili, pale Nyakabanda, ungemuuliza mtu yeyote nyumba ya Sibomana dobi angekuonyesha kwa kidole. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye kamba za mashati mbele yake, mashati meupe ya watu wa ofisini, na pasi ya makaa ikitoa moshi kizingitini. Lakini sikuwakalisha hapa kwa ajili ya mashati. Nataka niwaeleze habari za Swafiya, mke wa huyo dobi, na za asubuhi zake.

Kwetu sisi asubuhi inakuja tu, hatuifikirii. Swafiya aliiogopa. Mwanawe Sangwa, wa miaka mitatu, alikuwa mtoto wa kucheza mchana kutwa, mwenye mashavu ya duara na tumbo lililotangulia mbele kama kibuyu. Jioni analala vizuri. Kukicha unamkuta baridi, jasho limelowesha shuka, macho yamegeuka, ukimwita haitiki. Hapo Sibomana anamkamata, anampaka sukari ndani ya shavu, anamdondoshea chai tamu kidogo kidogo, mpaka mtoto anarudi. Na kila anaporudi wanamshukuru Mungu, kisha wanaanza kuihofia kesho. Maana walijua jambo moja tu: kuna asubuhi watachelewa.

Mambo haya yalianza alipoachishwa ziwa. Walimpa dawa ya minyoo. Walimpa dawa ya malaria. Sheikh alimsomea, na bibi yake Nyiramana, Mkatoliki wa kule Gahanga, alimpeleka kanisani akanyunyiziwa maji ya baraka. Majirani nao hawakukosa la kusema.

"Mama Sangwa, huyu mtoto unamlisha nini? Tumbo lote hilo, na miguu kama njiti!"

"Anakula kuliko wewe," Swafiya anajibu, na akiingia ndani analia.

Ikafika Ramadhani. Vita vilikuwa kaskazini, barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari, bidhaa zimeadimika, lakini watu walifunga kama kawaida. Alfajiri, kabla ya adhana, Swafiya anapika daku. Sangwa akisikia sahani anaamka, naye anakaa na wakubwa, anakula wali wa jana na maharage kama mtu anayefunga. Basi mwezi ule mtoto hakuzimia. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima! Wazazi waliona baraka ya mwezi. Walikaa kimya, wasithubutu hata kulitaja, wakihofia kwamba wakilitaja litaondoka.

Iddi ikapita, watu wakaacha daku, na Sangwa akazimia tena.

Swafiya alimbeba hadi hospitali moja ya mjini, akamkuta daktari mgeni, Ndihokubwayo, Mrundi aliyekulia Bujumbura, mtu wa Kiswahili. Alimpapasa mtoto tumbo muda mrefu, akauliza, "Anaumwa asubuhi tu?"

"Asubuhi tu, Daktari. Ila Ramadhani haumwi."

Daktari akacheka. "Kumbe na ugonjwa unafunga?"

"Sijui kama unafunga. Najua yeye daku anakula na sisi."

Kicheko kikaisha. Daktari akaweka kalamu chini. "Rudia hapo, mama. Anakula saa gani?"

Swafiya akarudia. Daktari akamlaza mtoto wodini, na kulipokucha akamchoma kidole, akapima damu, akaona sukari imekwisha kabisa. Akampa kinywaji cha sukari palepale, kisha akakaa kitandani pembeni ya Swafiya kama jamaa aliyeleta habari.

"Mama, kila mwili una ghala. Ukila, unaweka akiba. Ukilala, ghala linafunguka kidogo kidogo, linakulisha mpaka asubuhi. Mwanao ana ghala, na limejaa. Hilo tumbo unaloliona ni ini, limevimba kwa akiba. Mlango ndio haufunguki."

Swafiya aliweka kiganja juu ya tumbo la mwanawe. Muda wote ule mtoto alikuwa akifa njaa juu ya ghala lililojaa! Hakulia. Aliniambia mwenyewe kwamba alichosikia ni kama baridi ya heshima, kama mtu aliyeingia msikitini usiku hakuna mtu.

"Dawa iko wapi? Ulaya?"

"Ugonjwa huu ni nadra, mama. Nimeusoma vitabuni, sikuwahi kuuona. Lakini dawa yake iko dukani. Maizena." Ndio, ule unga mweupe laini wa mahindi, unaolia ukiubana kwenye vidole. "Koroga kwa maji baridi. Mpe akienda kulala, mwamshe kwenye adhana ya alfajiri umpe tena. Mbichi, mama. Usiupike."

Sibomana aliupata kwa mteja wake mmoja mwenye duka. Fundi viatu Silvère, aliyekaa ng'ambo ya njia, alipousikia mpango huo karibu ameze msumari.

"Sibomana! Unga ule ule munatia kwa kola ya shati? Sasa munapiga mutoto wanga? Na pasi mutamupiga lini?"

"Shona viatu, wewe," Sibomana akamjibu, lakini hata yeye moyo wake haukutulia.

Siku ile ile Swafiya akashikwa na malaria, akaanguka kitandani hajiwezi. Nyiramana akaletwa kutoka Gahanga kumtunza mjukuu. Akalala naye, akafundishwa kipimo, akaitikia yote kwa kichwa. Na asubuhi Sangwa alikuwa baridi. Asubuhi iliyofuata vilevile. Sukari shavuni, chai tamu, kumwita jina.

Swafiya, homa ikimtetemesha, aligeukia ukuta. Kama hata unga wa daktari umeshindwa, sasa wangegonga mlango gani tena?

Alipopata nguvu ya kusimama, akatoka nje kunawa uso. Kwenye vyombo vya jana akaona sufuria ndogo, ndani yake imegandiwa ngozi nyeupe ya uji.

"Mabukwe," akamwita mama mkwe wake kwa heshima, "sufuria hii ilipika nini?"

Nyiramana hakuficha. Alinyanyua kidevu. "Nilipika ile unga. Nikaweka na maziwa. Mutoto haiko kifaranga! Nani alikwambia mutu anakunywesha mujukuu wake unga mubichi? Watu wa Gahanga wakisikia, watasema sina kuni."

Na kweli, jamani, mwelewe. Mwanamke yule alilea watoto kwa uji wa mtama, na uji mbichi kwake ni aibu ya nyumba. Alipika kwa mapenzi. Swafiya angeweza kupiga kelele. Mkwe kumpigia mama mkwe kelele ni jambo zito, lakini alikuwa na sababu. Badala yake akaleta glasi mbili. Moja akatia mabaki ya uji, nyingine akakoroga unga mbichi kwa maji ya mtungi. Akaziweka juani.

"Angalia, Mabukwe."

Wakaangalia. Uji ulikaa vile vile, mmoja. Unga mbichi ukaanza kushuka, taratibu, ukalala chini mweupe kama mchanga, maji yakabaki juu.

"Uji unaingia mwilini mara moja, unaisha, mtoto amelala hana kitu. Huu mbichi unakaa. Tumbo linautafuna polepole mpaka adhana. Moto wako, Mabukwe, unaifanya kazi yote kabla mtoto hajameza."

Nyiramana aliinama mpaka pua ikakaribia glasi. Akaitikisa, unga ukapanda. Akangoja, ukashuka tena. Akafanya hivyo mara nyingi.

Jioni aliomba kikombe akoroge mwenyewe. Kwetu mwenye kukupa kinywaji hukionja kwanza, ujue ni salama. Basi kabla ya kumpa mjukuu alipiga funda moja, uso ukakunjamana wote.

"Iko kama chokaa!" akasema, akamsogezea Sangwa. "Kunywa, mwanangu. Bibi amekunywa."

Kwenye adhana ya alfajiri akampa tena, akamlaza.

Jua likatoka. Sibomana hakuwasha pasi. Silvère alipoanza kugonga nyundo, Nyiramana alivuka njia akamnyang'anya. Kisha yeye, Sibomana na Swafiya wakasimama mlangoni mwa chumba. Mtoto amelala, mwanga umefika miguuni pake, shuka kavu. Ramadhani walishukuru tu bila kuangalia. Sasa waliangalia. Kifua kinapanda, kinashuka. Ndani ya kile kitumbo, mahali pasipoonekana na mtu, kijiko cha unga kilikuwa bado kinamlisha. Swafiya alitaka kumgusa kama ana joto, mama mkwe akamshika mkono.

"Muache. Aamuke yeye."

Mwanga ukapanda hadi magotini. Sangwa akajinyoosha, akafikicha macho, akakuta nyuso tatu zinamtazama. Akakunja uso, mkali kama mtu mzima aliyekatizwa usingizi. Akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akawapita, akatoka nyuma ya nyumba kukojoa. Nao wakamfuata, dobi, mkewe na bibi, mmoja nyuma ya mwingine.

Mtoto akageuka.

"Nendeni," akasema. "Naona haya."