Mfupa Nilioutupa Juu ya Paa

Wiki iliyopita tulikwenda kuiezua makuti nyumba ya nyanya. Ndiyo, mwenzangu, hatimaye ukoo umekubali mabati. Nyumba yenyewe iko nje ya Malindi, kwenye njia ya Marafa, na kama umewahi kulala chini ya makuti unajua yakishushwa hushuka na nini: vumbi, nge, masizi, na ile harufu ya moshi wa kuni inayoingia kwenye nywele ikakataa kutoka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mguu wa kulia nimeunyosha kama kawaida yangu, nikisubiri chai. Fundi akaita kutoka juu, "Mama, kuna hirizi hapa!"

Haikuwa hirizi. Lakini ili ujue ilikuwa nini, itabidi nikurudishe nyuma, miaka ya themanini, nilipokuwa na miaka saba na meno mawili ya mbele yamenitoka.

Baba na mama walifanya kazi mjini, nami nililelewa na nyanya. Nyanya alikuwa mkandaji. Aliyeteguka kifundo, aliyetoka kujifungua, aliyekazwa na mgongo, wote waliletwa kwenye mkeka wake. Mafuta ya nazi aliyapika mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, yake kuchemsha tui hadi mafuta yapande juu, na malipo yangu yalikuwa yale mashapo matamu yanayoganda chini ya sufuria. Huku nakuna, nauliza. Mafuta hupanda juu kwa nini? Kovu halioti nywele kwa nini? Nyanya alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu aliumbwa mdomo kwanza, mengine yakafuata."

Siku moja nilijigonga muundi kwenye kisiki cha mkorosho. Hata sikulia. Baada ya siku chache homa ikanishika, na mguu chini ya goti ukawa wa moto, umevimba, sikuweza kuukanyagia. Nyanya akaubonyeza, akasema msuli umeruka. Basi akanikanda, asubuhi na jioni, kwa mafuta na majani ya mbono yaliyopashwa moto, mimi nikipiga mayowe. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akituletea maziwa, alimwambia, "Mpeleke hospitali, mtoto anaungua." Nyanya akamjibu, "Nimekanda kijiji kizima, nishindwe na mjukuu wangu?" Zilipita karibu wiki mbili. Ngozi ikapasuka, usaha ukatoka, na hapo ndipo baba alipoitwa, akanibeba mgongoni hadi barabarani.

Daktari wa mjini alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili kifupi na mikono baridi. Alimwambia baba kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu vikakaa mfupani, na kwa kuwa tumechelewa, kipande cha mfupa kimekufa. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa leso.

Mimi badala ya kulia nikauliza, "Daktari, mfupa unakufaje na mimi ni mzima?"

Akacheka, lakini akanijibu vizuri, jambo ambalo sijalisahau. Alisema mfupa si kama ukuni. Una damu, unakula, unakua, na ukikosa damu unakufa pale pale ulipo, ndani ya mtu anayepumua. Haki ya Mungu nilisahau maumivu. Baadaye, kila alipochinjwa mbuzi pale nyumbani, niliomba mifupa, nikaivunja kwa jiwe nikiitafuta hiyo damu kwenye uboho.

Walinipasua mfupa wakatoa usaha, nikachomwa sindano hadi makalio yakawa magumu. Nilirudi nyumbani na tundu kwenye muundi lisilotaka kufunga. Neno la daktari lilikuwa moja: mfupa uliokufa utoke, mpya uote. Usipoota, mguu utakatwa. Nyumbani neno hilo halikutamkwa tena, ila kila mtu alikuwa akiutazama mguu wangu kabla ya kunitazama uso.

Nyanya aliliosha tundu kila asubuhi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Asubuhi moja, pamoja na usaha, kikatoka kitu. Kilikuwa na urefu wa njiti ya kibiriti, kijivu, chenye vijitundu, chepesi ajabu. Mfupa wangu! Niliunusa, nikauweka sikioni, nikaulamba kidogo pia, usiniulize kwa nini. Kisha nikafanya lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Jino likitoka, si tunalitupa juu ya paa tupewe jipya? Na langu moja lilikuwa limeshaanza kuchomoza. Nikachechemea hadi uani, nikaurusha mfupa kwenye makuti na kupaza sauti, "Panya, panya, chukua wako mbovu, nipe wangu mzima!"

"Ala! Weye! Mfupa si jino!" Nyanya alinijia mbio, macho mekundu. "Kitu cha mwili kikifa huzikwa!"

Akachukua mti mrefu wa kuangulia embe, akachokoa makuti hadi mfupa ukaanguka. Akaufunga kwenye pindo la leso, akabeba jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Nilisikia jembe likigonga mara mbili tatu, kisha kimya. Nililia siku ile kuliko siku zote za sindano. Niliona sasa basi, ameuzika, hautaota tena, nitakatwa mguu. Nyanya hakunibembeleza. Alirudi akapika uji.

Miezi ikapita, tukarudi kwa daktari. Akainua ile picha ya eksirei dirishani. "Tazama," akasema, "mpya umeota, umeuzunguka ule wa zamani." Baba akaketi chini, kwenye sakafu kabisa. Mimi nikasema, "Lakini ulizikwa!" Daktari hakunielewa, na hakuna mtu aliyenieleza. Swali hilo nimetembea nalo miaka yote.

Nimetembea nalo nikichechemea, nisikufiche. Ugonjwa uligusa karibu na goti, pale mfupa unapokulia, kwa hiyo mguu wa kulia ulibaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Fundi viatu ananiongezea soli hadi leo. Nikiwa na miaka kumi na mitano tundu lilifunguka tena, nikapasuliwa tena. Msimu wa baridi mfupa huniuma kabla mvua haijaanza.

Nyanya naye aliacha kukanda. Hakuniomba radhi hata siku moja, wala mimi sikumdai. Lakini akiletewa mtoto mwenye mguu wa kuuma, aliugusa kwa mgongo wa kiganja tu, na ukiwa wa moto alikuwa tayari anajifunga leso. "Hospitali. Leo, si kesho." Na aliwasindikiza mwenyewe. Mafuta ya nazi yakabaki ya nywele.

Sasa ile hirizi. Fundi aliitupa chini, nikaiokota: kitambaa cha leso kilichofifia, kimefungwa kwa ukindu. Shangazi, aliyeishi na nyanya mpaka mwisho, aliweka kikombe chini.

"Usikifungue vibaya, ni chako," akasema. "Siku ile shimo alilichimba, akashindwa kuutia ule mfupa wako. Alisema akiuzika huo, ataona kama ameuzika mguu wenyewe kwa mikono yake. Akapanda juu ya kinu, akaufunga kwenye boriti, akaniapisha nisiseme."

"Lakini makuti yamebadilishwa mara ngapi, shangazi!"

"Kila mara alisimama hapo uani na fundi. Anamwambia, fungua, pangusa, rudisha pale pale, mguu wa mjukuu wangu bado unakua."

Nikahesabu. Mara ya mwisho nyumba kuezekwa nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na watoto wawili. Nilikuwa nimekuja kumsalimia siku hiyo hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, na kabla ya kunitazama uso akautazama mguu.

Makuti tuliyachoma jioni. Fundi alikuwa akipanga mabati, nikampa kile kifurushi cha leso. Akanambia, "Mama, huku sasa ni misumari tu, hakuna pa kufungia."

"Boriti ipo," nikamwambia. "Rudisha pale pale."