Karatasi Alizochapisha Baba

Baba alikuwa haamini maneno ya kwenye simu. Imeili ikimwingia tu, anavaa kofia, anakwenda steshenari pale Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, wamchapie. Akirudi anatukalisha mie na mama sebuleni, anatusomea kwa sauti kuanzia mwanzo mpaka jina la aliyeandika. Tulikuwaga tunamtania sana. Siku ile hakuna aliyemtania.

Kaka yangu alinipigia asubuhi kutoka Mwanza.

"Nimemwandikia baba imeili, nimemwambia nakuja Ijumaa."

"Umeandika mpya?"

"Aa, nimejibu kwenye ile yetu. Nimetoa jina lako, nikaweka lake. Kwani vipi?"

"Si umempelekea na yale yote ya zamani!"

Ile yetu ndiyo tuliyokuwa tunaandikiana wiki nzima kuhusu majibu ya hospitali. Daktari aliniita pembeni akaniambia ini la baba limekwisha, hakuna la kufanya. Baba tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Mama naye alijua hivyo hivyo.

"Mbona hata hayaonekani," kaka akajitetea. "Mie hapa naona mistari yangu minne na saini tu."

Kwenye simu, sawa. Yale ya zamani yanajificha chini, nyuma ya vidoti vitatu, na mtu asipobonyeza hayaoni. Lakini ukiyapeleka kwenye printa yanatoka yote, mpaka la kwanza kabisa. Nilimkatia simu bila kumuaga, nikaita, "Baba! Baba!"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Katoka na kofia yake."

Nilikimbia na kandambili. Nikakutana naye konani anarudi, karatasi kazikunja mkononi, na haikuwa moja.

"Baba, lete nikubebee."

"Karatasi nazo za kubebewa?"

Nilitamani nimpokonye. Nilishindwa, jamani. Unampokonyaje baba yako njiani, watu wanaangalia? Nikamfuata nyuma.

Sebuleni mama alikuja anafuta mikono kwenye kanga. Baba akavaa miwani, akasoma. Kijana wake anakuja Ijumaa. Mama akapiga kigelegele kidogo. Akasoma jina la kaka, cheo chake, simu ya ofisini, hata lile onyo linalojibandika lenyewe chini ya kila imeili ya kazini kwao: ujumbe huu ni wa siri, kama haukukusudiwa kwako, ufute.

"Haya, imeisha," nikasema, nikasimama haraka. "Mama, nikuletee chai?"

"Kaa," baba akasema. "Bado kuna maneno."

Akafunua ya pili. Ndege ikapita juu ya paa, akasubiri iondoke kama tunavyosubirigi wote.

"'Kaka, tukubaliane,'" akasoma. "'Baba asijue. Na mama pia asijue, hawezi kuficha.'"

Macho yake yakaendelea kushuka peke yake, taratibu, hadi chini ya ukurasa, kisha kwenye karatasi iliyofuata.

"Tusijue nini?" mama akauliza. Alikuwa bado anatabasamu. "Baba watoto, tusijue nini?"

Baba akavua miwani. Hakumtazama mama. Akaninyooshea zile karatasi.

"Umeandika wewe," akaniambia. "Msomee mama yako."