Mwalimu Ignasi na Pinde za Mtani Wake

Ukitaka kumjua Mwalimu Ignasi, isikie kwanza filimbi yake. Ikilia kwenye uwanja wa sekondari, jirani na njia panda ya Mingoyo, hata mbuzi wa watu walikuwa wanahama mstari wa kati. Mmakonde wa Newala, kifua kama mlango wa boma, amefundisha michezo hapo tangu kichwa chake kikiwa na nywele. Na michezo kwake ni mpira wa miguu. Mingine yote aliiita mazoezi ya wagonjwa.

Basi wee, akaletwa Mwalimu Mwanahija, binti wa Kimwera kutoka Rutamba, mwembamba kama fito, na somo lake la kulenga shabaha kwa upinde. Pinde alichonga mwenyewe kwa mianzi, kamba akasokota kwa nailoni ya wavuvi, ncha za mishale akazivika vipande vya kandambili zisije zikamtoboa mtoto wa mtu. Shabaha yake kifuniko cha pipa, kinaning'inia kwenye mkorosho. Ukikipata katikati kinalia ngwaa!

Kidato cha pili wote wakamkimbilia. Watoto wale wale wasiotulia hata msibani, sasa wanasimama mstari mmoja, kimya, kiwiko juu, wanangoja madam aseme "Achia!" Ignasi yuko upande wa pili na mpira wake na wachezaji hawafiki hata nusu timu. Golikipa wake naye, Faustino, akahama bila kuaga.

"Faustino! Unaumwa?"

"Hapana, ticha. Nalenga."

Jibu hilo lilimkaa Ignasi kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku ile kila kifuniko kikilia ngwaa, yeye anapuliza filimbi, hata kama hakuna aliyecheza rafu.

"Mwalimu Mwanahija," akamchokoza mbele ya walimu wenzao, "shule hii siku hizi kambi ya wawindaji?"

"Ndiyo, mtani. Na nikimpata panya buku nitakuletea, najua kwenu Newala ni kitoweo."

Walimu wakacheka hadi chai ikamwagika. Ignasi naye alicheka, lakini kwa meno tu.

Ndipo Mkuu wa shule, Mama Getrude, alipotoa tangazo. Kipindi cha michezo cha kidato cha pili ni kimoja na hakigawanyiki. Kesho asubuhi atakuja uwanjani kuwatazama wote wawili, na mmoja ndiye atakayebaki nacho. Ignasi akapiga hesabu. Bila kipindi kile angebaki mwalimu wa jiografia kama walimu wengine, filimbi imelala mfukoni.

Jioni akaingia stoo, akazivua pinde zote kamba, akazitia mfukoni. Wizi? Thubutu! Mmakonde na Mmwera ni watani. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Unakikomboa, mnacheka, yanakwisha. Akamfuata Mwanahija hadharani.

"Mtani, kamba zako ninazo. Nikomboe."

"Haya, mtani wangu. Taja."

"Jogoo mweupe pee, asiye na hata unyoya mmoja mweusi. Kabla Mkuu hajafika uwanjani."

Alijua anachokisema. Kuanzia njia panda mpaka mashambani, jogoo wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na banda lake liko nyuma ya nyumba ya Ignasi mwenyewe. Akalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi Mama Getrude akaingia uwanjani, timu ya Ignasi imeshavaa jezi. Mara Mwanahija huyo, jogoo kwapani, mweupe kama kanzu ya Idi. Ignasi akamtazama jogoo, jogoo akamtazama Ignasi, kama mtu na mjomba wake.

"Huyu... umempata wapi?"

"Kwa mtani wangu! Nilibisha hodi alfajiri, mkeo, wifi Helena, akanifungulia. Nikamwambia, mtani nimekuja kuchukua jogoo. Akasema, nani wa kumzuia mtani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Angefanya nini? Akinuna kwa ajili ya jogoo, basi hata zile kamba hazikuwa utani, zilikuwa wizi. Akachomoa kamba moja moja mfukoni, akampa, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Watoto wakalenga, ngwaa! ngwaa! Mama Getrude akaomba upinde na yeye, mshale ukagusa ukingo wa kifuniko, akaruka kama msichana. Kipindi kikaenda kwa Mwanahija papo hapo. Mpira ukapewa Jumamosi, kwa atakayependa.

Ignasi akarudi nyumbani na jogoo wake kwapani.

"Helena, umempa mtu jogoo wangu!"

"Si umerudi naye?"

"Kipindi kakichukua."

"Pole, mume wangu." Mkewe akampakulia ugali. "Mtani wako kasema Jumapili baada ya misa niende na mimi nikajaribu kulenga."

Ignasi akaacha tonge hewani.

"Na wewe?"

"Kwani kuna ubaya?"

Akatafuna mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Nitakusindikiza," akasema. "Kuangalia tu."

"Kuangalia tu?"

"Ah, mtu haruhusiwi kuangalia?"