Saa ya Zambia kwenye simu yangu nusura inikoseshe chuo Vwawa

Grrrr-ting!

Wakuu, huo mlio naukumbuka mpaka leo. Ni simu yangu ikitetemeka ndani ya sufuria.

Nilikuwa naiweka kwenye kasufuria ka uji chini ya kitanda, ili meseji ikiingia niisikie hata nikiwa uani. Mama alikatafuta kasufuria kake wiki nzima. Na mimi nikamsaidia kutafuta.

Habari zenu humu ndani. Leo najianika mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza form four, naishi na mama hapa Tunduma. Mama anauza vitenge karibu na mpaka wa Zambia. Mimi ndoto yangu ilikuwa ushonaji. Duka nilishalipa jina kabla sijajua kukata kola.

Siku moja nikashona gauni, nikapiga picha, nikapost. Dada mmoja nisiyemjua akakomenti: "Mshono wa bibi harusi wa mwaka wa njaa."

Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Ila siku ile nilivunjika.

Nikawa kutwa naangalia picha za wasichana wengine. Ngozi zao, viuno vyao, mpaka mageti ya kwao. Chakula hakipandi, usingizi hauji. Cherehani nikaifunika shuka kama maiti. Mama akiniita naitika "abee" bila kuinua macho.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba nafasi chuo cha ushonaji Vwawa. Nikaitwa usaili, saa nne asubuhi.

Sasa wa Tunduma wenzangu mnajua: huku kwetu simu ikidaka mtandao wa Zambia, saa inarudi nyuma lisaa lizima. Ndo maana nyumba nyingi haziachi saa ya ukutani. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo.

Mama akapaza sauti toka uani, "Anna, saa mbili imepita hiyo!"

"Bado mama, ndo kwanza saa moja."

"Angalia ukutani, we mtoto!"

Sikuangalia. Ukuta hauna komenti.

Nikaondoka nimetulia kabisa. Garini macho kwenye simu, tulipopita kituo cha Mpemba mtandao wa Tanzania ukarudi, saa ikaruka mbele yenyewe. Wakuu, saa nne imeshafika!

Nafika chuoni, wenzangu ndo wanatoka. Mwalimu, mama mmoja mnene mcheshi, akaniangalia juu mpaka chini.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Tunduma, mwalimu. Simu ilikuwa na saa ya Zambia."

"Kwa hiyo chuo unataka cha Tanzania, kuchelewa unachelewa kwa Zambia?"

Wote wakaangua kicheko. Halafu akasema, "Jumatatu uje na blauzi uliyoshona mwenyewe. Blauzi isipokuja, na wewe usije."

Nililia toka Vwawa mpaka nyumbani. Sikulia kwa kuchelewa. Nililia kwa sababu cherehani nilikuwa naiogopa.

Mama alinikuta nimekaa chini. Nikamwambia ukweli: najiona sifai, mbaya, sina kitu.

"Nani kakwambia?"

"Mtu wa mtandaoni."

"Unamjua?"

"Hapana."

"Yeye anakujua?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa mwanangu, mmegombania nini watu msiojuana?"

Nikacheka na kamasi juu. Mama hakucheka. Alinishika kichwa kwenye mapaja yake mpaka miguu ikamfa ganzi. Kesho yake akanipeleka kwa nesi anayesali naye, nikaongea mpaka koo likakauka. Halafu akakata kitenge kwenye biashara yake, akakiweka juu ya cherehani, simu akaondoka nayo sokoni.

Siku ya kwanza nilikuwa nausikia ule mlio na simu yenyewe haipo! Siku ya pili nikafunua shuka.

Jumatatu mwalimu akaigeuza blauzi ndani nje, akaangalia mishono. "Kola imepinda," akasema. "Ila saa umeijua. Ingia darasani."

Sasa hivi namaliza chuo. Simu ninayo, na hapa naandika kwa hiyo hiyo. Siku nyingine bado inanivuta, siwadanganyi. Nilichojifunza ni hiki: ukiona picha za watu zinakunyima usingizi, tafuta mtu wa kumshika mkono umwambie. Na wazazi, binti akiinama sana kwenye simu msimseme tu, muulizeni ameona nini humo.

Dada zangu, nani naye ameshapitia? Na wa Tunduma, nani mwingine saa ya Zambia imemwaibisha? Karibuni, hata kunicheka ruksa.

Eti kasufuria?

Jumapili ile kabla ya kurudi Vwawa, mama akiwa kanisani, nilikatoa chini ya kitanda. Nikakasugua kwa majivu mpaka kakang'aa, nikakorogea uji humo humo, nikanywa peke yangu jikoni. Halafu nikakaosha, nikakarudisha kwenye shelfu pale pale mama alipokuwa anakaweka.

Sikupiga picha.