Kibiriti Mfukoni Mwangu

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili hunisisimka hata leo.

Nilikuwa nimemaliza shule, sijui niende wapi. Baba aliahidi kunipeleka chuo cha ufundi miwa yetu ikishavunwa. Lakini miwa ilikomaa ikakaa, wakataji hawaji. Baba, mzee wa kanisa hapa Malava, kila asubuhi alisimama pembeni mwa shamba akaomba. Mimi nilimcheka. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu huongea na miwa.

Sisi watu wa miwa tunajua ujanja mmoja mbaya: shamba lililokomaa likiungua, kiwanda huleta lori upesi kabla miwa haijaharibika. Basi mchana mmoja nikachukua kibiriti jikoni, nikaliwasha shamba letu. Nilidhani moto ungekoma kwenye njia iliyotutenga na jirani. Upepo ukageuka! Nilisimama mdomo wazi nikitazama miwa michanga ya Mama Nanjala, mjane jirani yetu, ikiteketea yote. Miwa michanga hakuna lori linaloifuata.

Majirani wakajaa uani kwake, wakitaka mkosaji atafutwe apigwe. Baba akanitazama, akautazama mfuko wa shati langu uliotuna. Akajua. Nilingoja anitaje. Badala yake alivua kofia, akapiga magoti vumbini mbele ya yule mama. Baba yangu! Sikuwahi kumwona akimpigia magoti yeyote ila Mungu.

"Mama Nanjala, huu moto umetoka kwangu," alisema. "Miwa yangu ikikatwa, yote ni yako."

Ndiyo ile miwa iliyokuwa inipeleke chuo. Nikaanguka magoti kando yake, nikatoa kibiriti.

"Ni mimi, Mama. Baba hakujua kitu."

Mama Nanjala alishika mdomo. Wale waliokuja na fimbo walitazamana tu, hakuna aliyenigusa.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza Baba kwa nini hakunitaja.

"Mimi naombanga kila asubuhi Mungu akuonyeshe njia," alisema. "Sasa leo umepotea, nikuache?"

Kumbe hakuwa akiombea miwa. Siku zote zile, mwanangu, alikuwa akiniombea mimi, nami namcheka!

Chuo sikwenda. Nilimlimia Mama Nanjala shamba lake, nikalipanda upya kwa mikono yangu, na humo ndimo nilimojua nataka kuwa mtu wa namna gani. Kazi nilikuja kuipata baadaye, nayo haikunisumbua.

Wewe nawe unaniuliza ufanye nini na maisha yako. Kwanza mtazame anayekuombea, umtazame zaidi siku anapoumizwa. Ukikosa, jitaje mwenyewe kabla mwingine hajabeba aibu yako. Mengine Mungu atakuonyesha ukiwa njiani.

Akulinde, akupe magoti yasiyoona haya kukunjika. Na kesho asubuhi ukiniona nimesimama pale pembeni mwa shamba, usidhani naongea na miwa.